Linavuta, Bibi, Linavuta!

Sefu Chande aliiona nyumba kabla ya kumwona mwenye nyumba. Ilisimama kando ya stendi ya Same, nyeupe iliyopauka, ina madirisha mawili na mlango mwembamba, na chini yake, badala ya msingi, kulikuwa na magurudumu mawili. Mbele ilitoa mkono wa chuma uliolalia jiwe, kama mtu anayeomba ashikwe. Wazungu huiita karavani. Mzungu akienda matembezi haamini kitanda cha mtu, basi huifunga nyumba yake nyuma ya gari na kuondoka nayo.

Kivulini mwa karavani aliketi bibi mmoja mnene, mpole wa uso, anachambua maharage kwenye ungo. Sefu akatazama huku, akatazama kule. Gari la kuivuta nyumba ile hakuliona.

Moyo wake ukamwambia: Sefu, riziki ya leo ina magurudumu.

Ili asihukumiwe bure, inafaa hali yake ijulikane. Miaka ile foleni za sabuni na sukari zilikuwa zimekwisha, maduka yamejaa tena, ila mifuko ya watu ndiyo iliyobaki mitupu. Kila kitu kilikuwa ruksa: ruksa kuuza mitumba, ruksa kuleta gari. Mashamba ya mkonge yakaanza kuuza magari yao yaliyochoka, na Sefu, dalali wa kila kitu asichokuwa nacho, safari hii akajipatia Landrova yake mwenyewe. Lilikuja bila matairi na bila betri. Vitu hivyo alivichukua dukani kwa Mzee Abdulrahmani, na rehani aliyoweka ni cherehani ya mkewe, Saada.

Saada hakujua. Alikuwa huko Mwanga kwa dada yake aliyejifungua, na angerudi arobaini ikiisha. Na cherehani ile haikuwa pambo la chumba. Kila tonge Sefu alilomeza tangu aoe lilipita kwanza chini ya sindano yake. Saada akirudi na kukuta ile kona iko wazi, na sakafuni alama nne za miguu ya cherehani, Sefu hakuwa na maneno ya kumwambia, na Sefu kukosa maneno ni sawa na samaki kukosa maji. Kwa hiyo Landrova ilibidi iuzwe upesi, iuzwe kwa bei nzuri, na iuzwe kwa mtu asiyeinama kuchungulia chini.

Maana chini ndiko kulikokuwa na neno. Landrova ina chuma kirefu kinachopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya mbele. Mafundi hukiita propela. Sefu alikuwa ameifungua propela ile akamwuzia fundi mmoja wa Hedaru, na kwa pesa hiyo akanunua rangi ya kijani. Wateja, kwa maoni yake, hununua wanachokiona. Na kwa kuwa gia zilikuwa zikisaga kwa kelele, alizimenyea ndizi mbivu tatu akazishindilia ndani ya gia boksi. Likanyamaza kama mtoto aliyeshiba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo kwa kukuona wewe. Nyumba nzuri hii! Punda wake yuko wapi?"

Bibi akacheka hadi maharage yakaruka kwenye ungo. "Ndiye ninayemtafuta. Mimi naitwa Hedwiga, kwetu ni Bombo, huko juu. Kulikuwa na Mzungu akipima miti ya msituni, nikawa namlisha makande. Alipoondoka kurudi kwao akaniachia nyumba hii, lakini aliiacha Moshi. Sasa nataka gari la kuivuta. Watalii wataanza kuja, eti. Watalala humu wakitazama twiga wa Mkomazi."

"Bibi, Mungu ametukutanisha."

"Ndivyo alivyosema hata yule wa Himo," bibi akasema kwa upole. "Na yeye alikuwa na Landrova. Alinivutia kutoka Moshi hadi Mwanga kunionyesha nguvu zake. Sikuridhika. Nikapata mwingine hapo Mwanga, akanileta mpaka hapa Same. Naye sikuridhika."

Sefu akatikisa kichwa kwa uchungu wa mtu mwaminifu. "Matapeli, bibi! Siku hizi wamejaa barabarani."

"Wamejaa, mwanangu."

Akamleta bibi mbele ya Landrova. Rangi ya kijani iling'aa juani, na bado ilikuwa inanata kidogo upande wa dereva.

"Linavuta?" bibi akauliza.

"Linavuta, bibi, linavuta! Ukilifunga kamba kwenye mlima Shengena leo, kesho Shengena iko Korogwe."

"Usiuhamishe mlima, tuna mashamba kule. Na magurudumu ya mbele? Nayo yanavuta, au yanafuata tu kama mashahidi?"

"Yote manne yanavuta. Hii ni fowili halisi. Ona hiki kifundo cha njano: ukikikandamiza tu, mbele kunaamka." Akakikandamiza. Kikalia *ta!* Hakuna kilichoamka, maana huko mbele hakukuwa na wa kuamshwa.

Kisha akataja bei. Ilikuwa bei ya kumfanya mtu akae chini. Bahati nzuri bibi alikuwa na kigoda mkononi.

"Bei si neno," akasema akikaa. "Neno ni kuvuta. Mimi sinunui gari kwa macho. Ivute nyumba yangu hadi Bombo, kwa mafuta yako. Gari likifika mlangoni kwangu kwa nguvu zake lenyewe, nalichukua palepale."

Sefu akapiga hesabu ya mlima. Jua lilikuwa kali, na Landrova hata kwa magurudumu ya nyuma peke yake hupanda barabara kavu ukiipa muda. Akanyoosha mkono.

"Kwa nguvu zake lenyewe, bibi. Nimekubali."

Bibi akaushika mkono ule kwa mikono yake yote miwili. Sefu hakukumbuka mtu wa mwisho aliyemshika mkono hivyo, akaona aibu kidogo. Aibu yenyewe haikukaa.

Asubuhi ya pili walifunga karavani nyuma ya gari. Kabla hawajatoka mjini bibi akasema, "Nipitishe dukani kwa Abdulrahmani. Nina mizigo yangu pale."

Usukani ukamteleza Sefu. "Kwa Abdulrahmani? Bibi, pale… pale barabara ni mbaya."

"Si ni lami?"

"Lami ndiyo mbaya. Inaharibu matairi." Na matairi, kama yeye na Abdulrahmani walivyojua, hayakuwa yake bado. Mwisho akalisimamisha gari kwenye kona, mbali na mlango wa duka, akavuta kofia hadi puani na kujikunja chini ya usukani. Nyuma akasikia mlango wa karavani ukifunguliwa, vijana wa duka wakihema, kitu kizito kikiburutwa sakafuni, Mzee Abdulrahmani akisema "taratibu, taratibu, shika mguu wake." Kisha mlango ukafungwa.

"Tayari," bibi akasema akipanda. "Umelala?"

"Nasikiliza injini, bibi. Fundi mzuri husikiliza akiwa chini."

Walipoanza kwenda Sefu akaona tofauti. "Mbona nyumba imekuwa nzito kuliko tulipotoka stendi?"

"Mizigo ya watalii. Au linavuta kwa maneno tu?"

"Linavuta, bibi!"

Kwenye kioo cha pembeni aliliona dirisha la karavani. Ndani limefungwa kanga ya njano yenye maandishi: *Mwenye macho haambiwi tazama.* Maneno mazuri, akawaza. Hata Saada alikuwa na kanga kama hiyo. Yeye mwenyewe alimnunulia. Lakini kanga ni kama majina ya watu, hufanana.

Wakaingia njia ya vumbi ya Kisiwani, milima mkono wa kulia, mbuga ya Mkomazi mkono wa kushoto. Bibi akamtolea makande kwenye bakuli lililofungwa kitambaa, ya moto bado, akamlisha kwa kijiko pale mikono yake ilipokuwa na kazi ya mashimo. Mbele kidogo ya Kisiwani mama mmoja alisimama kando ya njia na mtoto mgongoni, kichwa cha mtoto kimelala upande. Sefu alimpita. Halafu, bila kuambiwa, akasimama na kurudi nyuma, jambo gumu sana kwa mtu anayevuta nyumba.

"Ana homa tangu juzi," mama akasema. "Nampeleka hospitali juu. Nauli sina, kaka."

"Nani amekuuliza nauli? Panda mbele, bibi atasogea. Shika maji haya, mloweshee kichwa."

Bibi Hedwiga akasogea. Kwa muda mrefu akawa anamtazama dereva wake, si barabara. Kisha chakula kilichobaki akamgawia mama yule nusu, na nusu akamwekea Sefu.

Baada ya Maore barabara ikainua kichwa. Sefu akakandamiza kifundo cha njano kwa heshima zote, bibi akiona. Gari likapanda likilalamika. Kona ya kwanza, kona ya pili. Migomba ikaanza, hewa ikapoa, lakini ndani ya gari joto likazidi, na kutoka sakafuni ikapanda harufu tamu.

Bibi akanusa. Mama wa mtoto akanusa. Hata mtoto akainua kichwa.

"Mwanangu, gari lako linapika nini?"

"Ni… ni oili mpya, bibi. Ya nje."

Bibi akanusa tena akiwa amefumba macho. "Ndizi kisukari," akasema. "Zilizoiva sana. Ungeziwahi juzi."

Sefu akajifanya ana kazi na usukani. Wakapanda hivyo, wakinukia kama jiko la sherehe, na wingu moja jeusi likateremka kutoka msituni kuwatazama. Huko mlimani mvua haiombi ruhusa. Ilinyesha kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai, ikaondoka, na barabara nyekundu ikabaki inang'aa kama samli.

Kwenye kona kali kuliko zote Landrova ikasimama. Magurudumu ya nyuma yakazunguka kwa bidii, yakirusha tope hadi kwenye migomba. Magurudumu ya mbele yakatulia kabisa, yakitazama mandhari. Gari likaanza kurudi nyuma, taratibu, karavani ikitangulia kuelekea bondeni. Ndani ya karavani kitu kikagonga ukuta, na Sefu akaapa amesikia sauti ya mwanamke ikisema "Yarabi!"

"Kuna nini humo ndani?"

"Shika breki, mwanangu, tutaongea baadaye."

Ndipo pembe ikalia.

Upareni siku ya msaragambo mtu habaki nyumbani. Pembe ikipigwa, kila nyumba hutoa mtu na jembe, na kijiji kizima huifanya kazi ya wote: mfereji, darasa, au barabara. Na siku ile ilikuwa siku ya msaragambo, na kazi ilikuwa barabara, na sehemu yenyewe ilikuwa kona ileile. Kutoka juu wakashuka watu, wanawake kwa wanaume, mbele yao mpiga pembe, mzee mwembamba aitwaye Majaliwa.

"Bibi Hedwiga! Umerudi na nyumba!"

"Nimerudi nayo, baba. Ila imechoka."

"Wekeni mawe nyuma ya magurudumu! Mabega hapa! Dereva, wewe kanyaga mafuta na uombe Mungu, mengine tuachie."

Wakasukuma wakiimba, Landrova ikapanda ikiyumba kama bwana harusi mwenye viatu vipya, na watu hawakuliachia mpaka limesimama uwanjani kwa Bibi Hedwiga, kati ya migomba na zizi la mbuzi. Kijana mmoja alimchukua mtoto mgonjwa mgongoni akatangulia na mama yake hospitali. Mwanamke mwingine akaleta maji ya moto kwenye karai, akamnawisha Sefu tope usoni kama anayemnawisha mwanawe.

Sefu akapangusa uso, akapata sauti yake ya biashara.

"Haya, bibi. Mlangoni kwako hapa. Si nilisema linavuta?"

"Ulisema."

"Basi tumalize habari yetu."

"Tulikubaliana lifike kwa nguvu za nani?"

Sefu akakohoa. "Zake… zake lenyewe."

Bibi akawageukia watu. "Majaliwa, nguvu zilikuwa za nani?"

"Bega langu la kulia linajua," Majaliwa akasema. "La kushoto pia."

Watu wote wakasema habari za mabega yao. Sefu akawaza kwenda kushitaki, akaacha. Kumpeleka Mpare kwenye kesi mbele ya Wapare wenzake ni kumtisha bata kwa maji.

"Bibi," akasema kwa sauti ndogo, "gari lile la Himo lilikuwa na ubaya gani?"

"Halikuwa na ubaya wowote, mwanangu. Ila lilipofika Mwanga, na mimi nilikuwa nimefika Mwanga."

"Na la Mwanga?"

"Zuri sana. Mwenyewe hakutaka kupanda mlima. Pesa ya gari mimi sina, hata ya pancha sina. Nilikuwa na nyumba tu, na barabara ndefu, na madalali wengi wenye hamu ya kunionyesha."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Sefu akaketi kwenye bampa. Hakuwaza gari wala bei. Alichokiona mbele yake ni ile kona ya chumba chake na zile alama nne sakafuni, na Saada amesimama juu yake akiwa hata hajavua viatu.

Mlango wa karavani ukafunguliwa.

Akashuka Saada. Alikuwa na uvimbe mdogo kwenye paji la uso, uliopatikana pale kwenye kona, na nyuma yake, katikati ya nyumba ile, imesimama cherehani kwa miguu yake minne.

"Ahsante, dereva," akasema. "Nimefika."

"Saada! Si uko Mwanga?"

"Nilikuwa Mwanga. Kisha nikawa Same. Sasa niko Bombo, umenileta mwenyewe, kwa mafuta yako. Huyu bibi ndiye aliyenifundisha kushona nikiwa msichana. Alipita Mwanga na nyumba yake, nikamsimulia habari ambazo Mzee Abdulrahmani alinitumia."

"Abdulrahmani alikuambia?"

"Alisema cherehani ni mkono wa mwanamke, na mkono hauwekwi rehani na mtu mwingine. Amenirudishia, nitamshonea kanzu za Idi za nyumba nzima. Matairi bado anakudai. Anasema hana haraka, ila angefurahi ukipita dukani umsalimie, badala ya kujificha chini ya usukani."

Sefu akafungua kinywa. Samaki alikuwa amekosa maji.

"Sare za shule za huku juu watu wanazifuata Same," Saada akaendelea. "Mimi na bibi tutazishonea humu. Wasichana watajifunza. Na watalii wakija, wakaribie, tutawatilia vifungo."

"Kwa hiyo… unaniacha?"

"Nani amesema? Mke unaye. Yuko Bombo. Ukimtaka, panda." Akalitazama lile gari la kijani, na rangi iliyobaki mikononi mwa waliolisukuma, na uso wake ukalegea kidogo. "Na usidhani umedanganya kila kitu. Kweli linavuta, Sefu. Limenivuta mimi na cherehani yangu kutoka mikononi mwako hadi hapa."

Bibi Hedwiga akamshika Saada bega. "Alisimama kwa ajili ya yule mtoto," akasema taratibu. "Alikuwa amempita. Akarudi nyuma na nyumba yote hii. Wewe ulikuwa ndani, ulisikia."

"Nilisikia," Saada akasema. "Ndiyo maana nimemwekea sahani."

Sahani ikaja, makande ya moto, na juu yake jembe, kwa sababu msaragambo haujui mgeni: aliyepita barabarani siku ile analima barabara. Sefu alilima kona ileile hadi jioni, Majaliwa akiwa upande huu na mwanamke wa karai upande ule, na wakamfundisha wimbo. Alipoondoka asubuhi bibi alimpa dumu la petroli, masazo ya safari ya wale madalali wengine. Kwenye kona alishuka kwa miguu kwanza, akaitazama.

Wiki ileile alionekana dukani kwa Abdulrahmani, amesimama wima, anasalimia. Kisha akaenda Hedaru kwa yule fundi kununua propela yake mwenyewe.

"Ni propela safi hii, kaka," fundi akasema akiipiga piga kwa kitambaa. "Inavuta! Ukiifunga kwenye Shengena…"

"Taja bei," Sefu akasema.

Fundi akataja. Ilikuwa bei ya kumfanya mtu akae chini, na Sefu akakaa. Kisha akalipa, akajilaza mwenyewe chini ya gari, akaanza kwa kuzitoa ndizi.

"Safari hii unataka kumwuzia nani?" fundi akamwuliza.

"Simwuzii mtu," sauti ikajibu kutoka chini. "Naenda kwa mke wangu. Na kona ile nimeilima, naijua."